SHAHIDI GANI AAMINIWE?
Somo juu ya vyombo viteremkavyo peke yao juu ya Mwezi na Mirihi

Kadhi akaapo barazani huletewa mashahidi. Mmoja husema hivi, mwingine husema vile, naye hana budi kuamua. Akimwamini aliyekosea, haki hupotea. Akimkataa aliyesema kweli, haki hupotea vile vile. Lakini kadhi anayo nafuu moja kubwa: asipoelewa aweza kuahirisha shauri mpaka kesho, au kumwuliza aliye mjuzi kuliko yeye. Sasa mfikirie kadhi asiye na kesho wala wa kumwuliza, ambaye amepewa dakika saba tu kukata mashauri yote, na ambaye akikosea hukumu moja huangamia yeye mwenyewe pamoja na kazi ya watu wengi ya miaka mingi. Hiyo ndiyo hali ya chombo kisicho na mtu ndani yake kinapoteremka juu ya uso wa Mirihi.

Wako wadhanio kwamba ugumu wa kutengeneza chombo cha namna hiyo umo katika roketi, katika chuma, na katika joto kali la safari. Naam, hayo nayo ni magumu. Lakini ukizichunguza habari za vyombo vilivyopotea utakutana na jambo la kushangaza. Vitatu nitakavyokueleza hapa, kwa kadiri uchunguzi ulivyoonyesha, havikupotea kwa kuwa injini ilikataa kuwaka au parachuti lilichanika. Vilipotea kwa sababu viliamini jambo lisilo kweli juu ya hali yao wenyewe. Kimoja kiliamini kwamba kimekwisha kufika, kumbe bado. Kingine kiliamini kwamba kiko chini ya ardhi, nacho kingali hewani. Cha tatu kiliambiwa kweli, kikaikataa.

Basi katika somo hili tutatazama kwanza kwa nini chombo huachwa peke yake. Pili, kazi yenyewe ya kutua. Tatu, mashahidi ambao chombo huwategemea. Nne, makosa matatu yaliyotokea. Na mwisho, njia waifuatayo wahandisi wenye hekima ili makosa hayo yasirudiwe.

1. KWA NINI CHOMBO HUACHWA PEKE YAKE

Jambo la kwanza la kufahamika ni umbali. Mawimbi ya redio, ambayo ndiyo mjumbe wetu kwa vyombo hivi, huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 hivi kwa kila sekunde. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilometa 384,000, kwa hiyo mjumbe huyo hufika huko kwa sekunde moja na kitu. Ama Mirihi, mara huwa karibu nasi, kilometa milioni 55 hivi, na mara huwa mbali, kiasi cha kilometa milioni 400. Mjumbe yule yule huchukua dakika tatu Mirihi iwapo karibu kabisa, na zaidi ya dakika 20 iwapo mbali kabisa.

Tofauti hiyo si ndogo. Tarehe 20 Aprili 1967 chombo cha Marekani kiitwacho Surveyor 3 kilikuwa kikishuka juu ya Mwezi. Kilipokaribia chini rada yake ilivurugika, na injini zilizopaswa kuzimwa meta nne hivi juu ya ardhi zikaendelea kuwaka. Chombo kiligusa, kikaruka, kikagusa tena, kikaruka tena. Amri ya kuzima injini ilitumwa kutoka duniani, nacho kikatulia salama. Mwezi wa Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walikitembelea mahali kiliposimama, wakakata kamera yake na kuirudisha nyumbani. Unaona? Mwezini, kwa shida, mkono wa mtu aliye mbali uliweza kufika.

Mirihi hauwezi. Tarehe 18 Februari 2021, siku chombo kiitwacho Perseverance kilipotua, mjumbe wa redio alihitaji dakika 11 na zaidi kufika duniani, na safari ya chombo kutoka juu ya hewa ya Mirihi mpaka chini huchukua dakika saba hivi. Maana yake ni kwamba wahandisi walioko California walipopokea habari kuwa chombo kimeanza kuingia katika hewa, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwa chini kwa muda wa dakika nne, kizima au kimevunjika. Walikuwa wakisikiliza habari ya jambo lililopita. Kwa hiyo kila neno ambalo mhandisi angependa kukiambia chombo katika dakika zile hana budi kuliandika mapema, miezi na miaka kabla, katika programu ya kompyuta. Baada ya hapo hukaa na kungoja.

2. KAZI YENYEWE YA KUTUA

Kutua ni kupoteza mwendo. Mwezini hakuna hewa, hivyo parachuti halifai kitu. Mwendo wote hauna budi kuondolewa kwa injini zinazopuliza moto kuelekea chini. Mirihi kuna hewa, lakini kanieneo yake haifiki hata sehemu moja katika mia ya kanieneo ya hewa yetu. Hewa hiyo yatosha kukichoma chombo kisichokingwa, wala haitoshi kukizuia chombo kizito kwa parachuti peke yake. Ndiyo maana mhandisi wa Mirihi hulazimika kutumia njia zote kwa zamu.

Mathalan, Perseverance, chenye uzito wa kilo 1,025, kiliingia katika hewa kikienda kwa kasi ya kilometa 19,500 hivi kwa saa. Ngao yake ya joto ilipata moto wa kiasi cha digrii 1,300. Kilometa kama 11 juu ya ardhi, kikiwa bado chaenda kasi kuliko sauti, kilifungua parachuti lenye upana wa meta 21 na nusu. Kisha kiliitupa ngao ili rada na kamera zipate kuona chini. Kilipofika kiasi cha kilometa mbili juu ya ardhi kiliachana na parachuti, kikawasha injini nane, na mwisho kabisa mtambo wa injini ukaliteremsha gari kwa kamba taratibu mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Mara kamba zikakatwa, na mtambo ule ukaruka kwenda kuanguka mbali.

Sasa angalia vizuri. Kila hatua kati ya hizo ni mlango ambao ukishapita hurudi. Parachuti lililotupwa haliitwi tena. Ngao iliyoachwa hairudishwi. Na kila mlango hufunguliwa kwa kujibu swali: Niko juu kiasi gani? Naenda kwa kasi gani? Nimeelekea wapi? Je, nimegusa? Nguvu za injini na uimara wa chuma hazina faida yo yote iwapo majibu ya maswali hayo ni ya uwongo.

3. MASHAHIDI WA CHOMBO

Ni nani basi wanaokijibu chombo maswali hayo? Wako mashahidi wanne wakubwa, na kila mmoja ana elimu yake na upungufu wake.

(a) Wa kwanza ni kipima mwendo. Kifaa hiki hakitazami nje hata kidogo. Ni kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni ndani ya gari, ambaye kwa kusukumwa mbele na nyuma, na kwa kuegemea huku na huku, hukisia amefika wapi. Hufanya kazi wakati wo wote, gizani na ndani ya moto wa kuingia. Upungufu wake ni kwamba kosa dogo la mwanzo hukua kadiri safari iendeleavyo.

(b) Wa pili ni rada, na siku hizi leza pia. Hizi hupiga mawimbi au nuru kuelekea chini na kungoja mwangwi. Husema kweli juu ya umbali wa kitu kilicho mbele ya mionzi yao. Lakini hazijui kama kitu hicho ni uwanda, au ni mlima ambao chombo kitaupita punde.

(c) Wa tatu ni kamera. Zamani kamera zilikuwa za kupiga picha tu kwa ajili yetu. Katika Perseverance kompyuta yenyewe ililinganisha picha za kamera na ramani iliyotayarishwa kabla, ikajua iko wapi, ikachagua mahali pasipo na majabali. Upungufu wa kamera ni kwamba huhitaji nuru na ramani iliyo sahihi.

(d) Wa nne ni kifaa cha kuhisi mguso, kilichowekwa katika miguu. Kazi yake ni kusema neno moja tu: "Tumefika." Ni shahidi mdogo kuliko wote, lakini kwa neno lake injini huzimwa.

Kompyuta ndiye kadhi akaaye katikati ya hao. Na programu yake ndiyo sheria aliyofundishwa.

4. SHAHIDI ALIYESEMA KABLA YA WAKATI

Tarehe 3 Desemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Polar Lander kilifika Mirihi ili kishuke karibu na ncha ya kusini. Kikaingia katika hewa, na tangu hapo hakikusikika tena. Waliokitengeneza hawakuwa wamekiwekea njia ya kutuma habari wakati wa kushuka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kilipatwa na nini. Wachunguzi walirudi katika michoro, programu na majaribio, wakatoa taarifa yao mwaka 2000 na kutaja sababu waliyoiona kuwa ya karibu zaidi na ukweli.

Miguu mitatu ya chombo ilikuwa imekunjwa wakati wa safari, nayo ilipaswa kufunguka kwa kishindo kiasi cha meta 1,500 juu ya ardhi, chombo kikiwa bado kinaning'inia kwenye parachuti. Kishindo hicho chaweza kuvitikisa vifaa vya kuhisi mguso hata vikatoa ishara ya kitambo kidogo, kana kwamba mguu umegusa ardhi. Wahandisi walilijua jambo hilo. Kwa sababu hiyo kompyuta iliamriwa isiutumie ushahidi wa miguu mpaka chombo kifikie meta 40 juu ya ardhi.

Hekima hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na tundu. Kompyuta haikuutumia ushahidi ule mapema, bali iliuandika na kuutunza. Ilipofika meta 40 ikafungua daftari lake, ikakuta imeandikwa: "Tumefika." Ikazima injini. Wakati huo chombo kilikuwa kikishuka kwa kasi ya meta 13 kwa sekunde. Kutoka hapo kilianguka kama jiwe, na hesabu yaonyesha kwamba kiligonga ardhi kwa kasi ya meta 22 kwa sekunde, yaani karibu kilometa 80 kwa saa, hali kilitengenezwa kuhimili mguso wa meta mbili na nusu hivi kwa sekunde.

Tiba yake ingalikuwa maneno machache ya programu: futa ushahidi wa zamani kabla ya kuanza kusikiliza. Kwa nini basi kosa halikuonekana mapema? Hapa ndipo penye mafunzo makubwa zaidi. Wakati wa jaribio la kufungua miguu hapa duniani, nyaya za vifaa vile zilikuwa zimeunganishwa vibaya, kwa hiyo ishara ya uwongo haikuifikia kompyuta. Kosa la nyaya lilipogunduliwa lilisahihishwa. Lakini jaribio lile la kufungua miguu halikurudiwa. Walirekebisha kitu, wasirudie kukipima katika hali ile ile ambayo kingeikuta Mirihi.

5. MIZANI ILIYOFIKA MWISHO

Umeona mizani ya sokoni iishiayo kilo 10. Ukiweka juu yake gunia la kilo 50, mshale utasimama penye 10. Mizani haikusema uwongo kwa makusudi. Imefika mwisho wa uwezo wake. Mwenye akili akiona mshale umegota mwisho hasemi, "Gunia hili ni kilo 10," bali husema, "Sijui uzito wa gunia hili."

Tarehe 19 Oktoba 2016 chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kilishuka juu ya Mirihi. Ngao yake ilifanya kazi, parachuti likafunguka. Lakini kufunguka huko kulikiyumbisha chombo kwa nguvu, na kipima mwendo kikafika mwisho wa kipimo chake kwa muda wa sekunde moja hivi. Sekunde moja tu! Kompyuta ikalichukua jibu la mwisho wa mizani kana kwamba ndilo jibu la kweli, na kwa hesabu hiyo ikaona kwamba chombo kimeinama vibaya mno. Baadaye rada ilipoanza kutoa ushahidi wake, nao ulikuwa sahihi, kompyuta iliuchanganya na fikira yake yenye kosa juu ya mwelekeo, ikapata jibu kwamba chombo kiko chini ya uso wa ardhi.

Hapo chombo kilikuwa kilometa 3.7 juu. Kikaacha parachuti, kikawasha injini kwa sekunde tatu tu badala ya 30, kikazizima, na kuanza kujiandaa kwa kazi za baada ya kutua. Kilianguka kwa muda wa nusu dakika, kikagonga ardhi kwa kasi ya kilometa 540 hivi kwa saa.

Hata mtoto angeuliza: Yawezekanaje kitu kiwe chini ya ardhi, nacho punde hivi kilikuwa kinaning'inia kwenye parachuti? Lakini kompyuta hujua tu yale iliyofundishwa. Hakuna aliyekuwa ameiandikia sheria ya kulikataa jambo lisilowezekana. Hata hivyo, safari hii wahandisi walikuwa wamejifunza jambo kutoka kwa wenzao. Chombo kilikuwa kikituma habari wakati wote wa kushuka, na kwa hiyo sababu ya kuanguka kwake haikubaki kuwa dhana.

6. SHAHIDI WA KWELI ALIYEKATALIWA

Pengine mtu atasema: "Basi dawa ni rahisi. Chombo kifundishwe kuwakataa mashahidi wasemao mambo ya ajabu." Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake liko katika habari ya chombo cha tatu.

Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ya Japani iitwayo ispace ilijaribu kushusha chombo chake Mwezini, katika safari iliyoitwa Hakuto-R. Chombo kilishuka vizuri, kikielekea bonde la duara liitwalo Atlas. Mabonde ya namna hiyo huzungukwa na kingo zilizoinuka, na chombo kilipopita juu ya ukingo wa bonde na kuingia ndani, ardhi chini yake ilishuka ghafula kiasi cha kilometa tatu. Rada ikasema: "Umbali umeongezeka kilometa tatu." Ilisema kweli tupu. Lakini kompyuta ilikuwa imefundishwa kwamba rada ikitofautiana sana na hesabu ya kompyuta yenyewe, bila shaka rada imeharibika. Ikamkataa shahidi wake, ikaendelea kwa kuitegemea hesabu yake.

Kwa hesabu hiyo ikajiona imefika chini, kumbe iko kilometa tano juu. Ikawa inashuka polepole, kwa adabu kamili, ikitafuta ardhi ambayo haikuwapo, mpaka mafuta yakaisha. Kisha ikaanguka.

Taarifa ya kampuni yenyewe ilikiri chanzo cha kosa. Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya mpango kukaguliwa na kukubaliwa, na majaribio yaliyofanywa kwa kompyuta hayakuichunguza ipasavyo njia mpya ipitayo juu ya ukingo ule. Sheria iliyokuwa njema kwa mahali pa kwanza ikawa sumu kwa mahali pa pili. Na tena, mwezi wa Juni 2025, chombo cha pili cha kampuni hiyo kilipotea vile vile karibu na kufika. Mara hii kipimo cha leza kilichelewa kutoa majibu, na chombo hakikuwahi kupunguza mwendo. Ndiyo kusema, kulijua kosa la jana hakukukingi na kosa la leo.

7. BASI SHAHIDI GANI AAMINIWE?

Mmoja aliangamia kwa kuamini na mwingine kwa kukataa. Je, hakuna njia? Njia ipo, na kwa ufupi ni hii:

Kwanza, mpime kila shahidi kwa kile awezacho kukijua. Kipima mwendo kilichofika mwisho wa kipimo chake kihesabiwe kuwa kimenyamaza, wala si kuwa kimesema.

Pili, andika saa ya ushahidi. Neno lililosemwa juu ya meta 1,500 halifai kutolewa hukumu penye meta 40.

Tatu, linganisha kila jibu na mambo yasiyoweza kuwa. Umbali ulio chini ya ardhi si umbali. Ni alama kwamba umekosea mahali fulani.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, jitilie shaka mwenyewe kadiri unavyowatilia shaka wengine. Kompyuta ya chombo cha Japani haikukosa shaka. Ilikuwa nayo tele, lakini yote iliielekeza kwa rada, isibakize hata kidogo kwa hesabu yake yenyewe. Katika programu iliyotengenezwa vema, kompyuta hutunza si jibu lake tu, bali pia kiasi cha mashaka yake juu ya jibu hilo. Na shahidi mmoja akirudia neno lile lile kwa muda mrefu bila kubadilika, hukumu haina budi kufikiriwa upya.

8. WANAOTENGENEZA KWA KUKIRI MAKOSA

Yote haya yategemea tabia ya wale watengenezao. Nitakupa mifano mitatu.

Tarehe 25 Desemba 2003 chombo cha Uingereza kiitwacho Beagle 2 kilipaswa kutua Mirihi. Hakikusikika, nacho hakikuwa na njia ya kutuma habari wakati wa kushuka. Kwa miaka 11 haikujulikana kilivunjika au la. Mwaka 2015 picha zilizopigwa na chombo kizungukacho Mirihi zilitangazwa, nazo zilionyesha kwamba kilikuwa kimefika chini, bali mabamba yake ya kupokea nuru ya jua hayakufunguka yote. Pasipo shahidi, hata kazi iliyofanikiwa kwa sehemu kubwa huhesabiwa kuwa imeshindwa kabisa.

Mfano wa pili ni Phoenix. Baada ya msiba wa mwaka 1999, chombo kingine cha jamii ile ile, kilichokuwa kikitayarishwa kwa safari ya mwaka 2001, kilizuiwa na kuwekwa ghalani. Baadaye wahandisi walikitoa, wakakichunguza upya, wakitafuta makosa, si yale yaliyojulikana tu bali na yale yaliyojificha. Tarehe 25 Mei 2008 kilishuka salama kaskazini mwa Mirihi, kwa miguu mitatu na injini, kikachimba na kukuta barafu ya maji.

Mfano wa tatu ni India. Mwezi wa Septemba 2019 chombo chao kiitwacho Vikram, cha safari ya Chandrayaan-2, kilianguka Mwezini. S. Somanath, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la anga la India, alieleza hadharani sababu zake: injini zilitoa nguvu kuliko ilivyotazamiwa, makosa madogo yakalimbikizana, chombo kikahitaji kugeuka upesi kuliko programu ilivyokiruhusu, na mahali pa kutua palikuwa padogo, nusu kilometa kwa nusu kilometa. Alisema kwamba safari ya kwanza ilitengenezwa kwa kufikiria namna ya kufaulu, na ya pili ilitengenezwa kwa kufikiria kila kiwezacho kuharibika na namna ya kuokoka hapo. Kwa hiyo Chandrayaan-3 ilipewa miguu yenye nguvu zaidi, mafuta zaidi, kipimo kipya cha leza cha kupimia mwendo, na eneo la kutua la kilometa nne kwa 2.4. Injini moja kati ya tano iliondolewa. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo hicho kilitua katika eneo la kusini mwa Mwezi, na India ikawa nchi ya nne kushusha chombo salama huko, baada ya Urusi ya Kisovieti, Marekani na China.

Tafakari tofauti iliyopo. Katika miaka minne hiyo Mwezi haukubadilika. Kilichobadilika ni swali. Mtu aulizaye, "Nitafauluje?" hujiandaa kwa siku njema. Mtu aulizaye, "Nikikosea, ni nani atakayeniambia, nami nitamsikiliza?" hujiandaa kwa siku zote.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, pengine hutatengeneza kamwe chombo cha kwenda Mirihi. Lakini kila siku wewe nawe huletewa mashahidi, na mara nyingi huna muda wa kungoja kesho. Wako wasemao kabla ya wakati, wako waliofika mwisho wa kipimo chao wasijue, na yuko mkweli mmoja ambaye neno lake lakuchukiza kwa kuwa halilingani na hesabu yako. Aliye katika kutafuta ukweli asione haya kurudia jaribio baada ya kurekebisha, wala asidhani kwamba kuwashuku wengine peke yake ni hekima.

Maswali ya kujipima:

1. Kwa nini amri ya mtu iliweza kukisaidia Surveyor 3, lakini haiwezi kukisaidia chombo kiteremkacho Mirihi?

2. Taja mashahidi wanne wa chombo, na upungufu wa kila mmoja.

3. Kompyuta ya Mars Polar Lander ingalipaswa kufanya nini ilipofika meta 40?

4. Ni kosa gani moja linalofanana kati ya jaribio la miguu ambalo halikurudiwa na kubadilishwa kwa mahali pa kutua katika safari ya Hakuto-R?